Kioo kilichopasukia Ngorongoro: alipe dereva au ilipe baridi?

Gari ni la safari, refu, paa la kunyanyuka, makao yake Arusha. Lilirudi mjini na kioo cha mbele kikiwa na ufa mmoja mrefu, kutoka chini upande wa abiria, ukapinda katikati na kumalizikia ukingo wa juu. Mwenye kampuni, mama ambaye magari yake anayajua kwa ngurumo kabla hajayaona, alitaka bei ya kioo ikatwe kwenye mshahara wa dereva. Dereva akakataa kusaini. Kwa kuwa mimi hukagua magari na sina undugu na upande wowote, nikaombwa nikitazame kioo hicho kabla fundi hajakitoa.

"Bosi, sijagonga kitu," alisema dereva.

"Sijasema umegonga, mwanangu. Hita nani kaiwasha?"

Maneno yote mawili yalikuwa kweli. Hakugonga kitu, na hita aliiwasha yeye. Alfajiri ile gari lilikuwa limelala kwenye ukingo wa kreta, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo katika miezi ya Juni hadi Agosti kukicha ni nyuzi 10 au chini yake, na ukungu umekilowesha kioo ndani na nje. Wageni wanasubiri kushuka kreta. Dereva akaacha injini ipate moto, kisha akafungulia hita na feni mpaka mwisho ili aone mbele. Ufa ulikwenda wote mbele ya macho yake.

Lakini ufa haukuzaliwa asubuhi hiyo. Wiki kadhaa kabla, kwenye barabara ya changarawe kati ya Serengeti na Ngorongoro, lori lililokuwa likija lilirusha jiwe. Likaacha kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi. Dereva alikiandika kwenye fomu ya kurudisha gari: kioo kimepigwa jiwe, chini upande wa abiria. Ilikuwa msimu wa wageni, gari likaondoka tena kesho yake. Ufa ulipoanza kuchomoza kwenye kidonda, dereva akawa anaweka kistari cha kalamu ya wino kwa ndani pale ncha ilipofikia, kama madereva wengi wanavyofanya. Vistari hivyo ndivyo vilivyomkasirisha zaidi bosi. Kwake vilikuwa ushahidi kwamba dereva alijua. Kwa dereva vilikuwa ushahidi kwamba alisema.

Nianze na sheria, maana bila yake haya mengine ni mazungumzo ya gereji tu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinaruhusu mwajiri kukata mshahara ili kufidia hasara, lakini kwa masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi chanzo na kiasi cha deni, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Swali langu likawa jembamba. Kuwasha hita alfajiri ya baridi ni kosa? Na kama si kosa, kioo kilivunjwa na nini?

Kioo chenyewe kina maandishi yake kwa anayejua kusoma. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, na hiki kilikuwa kimepasuka safu ya nje peke yake. Fundi alipokitoa tukakiinamia na kurunzi. Kuzunguka pigo la jiwe kulikuwa na miale mifupi kama ya nyota. Hiyo ni alama ya kugongwa. Kutoka hapo ulitoka mstari wa urefu wa sentimita 3 hivi, na ndani ya kuta zake mlikuwa na vumbi jekundu lililokwishashikana kabisa. Baada ya kistari cha mwisho cha kalamu, vumbi likakoma. Sehemu yote iliyobaki, ile ndefu iliyofika juu, ilikuwa safi, inang'aa, mstari mmoja unaopinda bila kutoa matawi. Ufa unaozaliwa na pigo kubwa hugawanyika matawi mengi. Mstari mmoja unaotangatanga ni kawaida ya ufa uliosukumwa na tofauti ya joto. Kwa hiyo kuna vitu vitatu vilivyotokea kwa nyakati tatu: jiwe, ukuaji wa pole pole wa wiki kadhaa, na mbio za dakika moja.

Kipande cha katikati ndicho kilichonikalisha muda mrefu, kwa sababu ndicho ambacho si bosi wala dereva aliyekuwa akikizungumzia.

Kioo ni jamaa wa kauri, yaani vitu vya udongo uliochomwa kama vigae na vikombe. Atomi zake za silikoni na oksijeni zimeshikana kwa nguvu sana, lakini hazina namna ya kuteleza. Chuma kikivutwa kwenye ncha ya ufa, tabaka zake za atomi huteleza, ncha inakuwa butu, nguvu inasambaa. Kioo hakina msamaha huo: ncha ya ufa hubaki kali mpaka kiwango cha atomi. Mwingereza A. A. Griffith alieleza hesabu yake kwenye makala iliyochapishwa mwaka 1921, kwamba nguvu ya kioo haiamuliwi na kioo chenyewe tu, bali pia na urefu wa ufa uliomo. Muuza vitambaa pale soko la Kilombero, Arusha, hufanya hesabu hiyohiyo kwa mkasi: anakata upindo kidogo tu, kisha anachana mita nzima kwa mikono.

Griffith hakueleza kwa nini ufa mdogo usioguswa na mtu unaweza kuendelea kukua. Jibu hilo lilitoka kwenye maji. Mwaka 1967, Sheldon Wiederhorn wa ofisi ya taifa ya vipimo ya Marekani alionyesha kwamba mwendo wa ufa kwenye kioo cha kawaida unategemea unyevu ulioko hewani. Molekuli ya maji inaingia mpaka kwenye ncha, inakuta muungano wa silikoni na oksijeni ambao tayari umevutwa, na kuuvunja kwa kemia. Muungano mmoja, halafu unaofuata. Mkazo, yaani mvuto ulio ndani ya kioo, ukiwa mdogo ufa hutambaa kwa mwendo ambao jicho haliuoni, wakati mwingine chini ya milimita kwa siku nzima. Mkazo ukipanda kidogo, mwendo hupanda sana: kwa kioo cha kawaida, ongezeko la asilimia 10 la mkazo huzidisha mwendo wa ufa zaidi ya mara nne.

Na kwa kuwa kazi hii ni ya kemia, joto huiharakisha. Wiederhorn na L. H. Bolz walichapisha mwaka 1970 vipimo vya vioo vilivyozamishwa ndani ya maji ya baridi na ya moto, toka nyuzi 2 hadi 90. Kwa mkazo uleule, tofauti ya mwendo kati ya ncha hizo mbili ni zaidi ya mara mia. Nikizitumia namba zao kwa mkazo wa wastani, ufa wenye maji ndani yake utakwenda mara sita hivi kwa kasi zaidi kwenye nyuzi 35 kuliko kwenye nyuzi 10. Ukikipeleka kioo kwenye baridi ya naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, utambaaji huu unakoma na kioo kinakuwa na nguvu kuliko kilivyokuwa mezani.

Sasa rudi kwenye vistari vya kalamu. Nafasi pana kati ya kistari na kistari, kwa maelezo ya dereva, ziliangukia siku ambazo gari lilishinda juani Mto wa Mbu na Tarangire. Usiku wa Karatu ufa ulikuwa haujasogea kitu. Vistari hivyo havikuwekwa kwa saa wala kwa utaratibu, na barabara nazo zilikuwa tofauti, kwa hiyo sivichukulii kama kipimo. Lakini vinaelekea upande uleule wa vipimo vya maabara, na vinapingana na maneno yaliyosemwa na kila mtu pale uwanjani, kwamba "baridi ndiyo inayopasua vioo".

Baridi peke yake ilikuwa inamchelewesha adui. Kilichoua kilikuwa tofauti ya joto ndani ya kioo kimoja.

Joto lina milango miwili ya kuingilia kwenye ufa, na watu huichanganya. Mlango wa kwanza ni huo wa kemia: kioo chote kikiwa na joto, ncha inaliwa haraka. Mlango wa pili ni wa kutanuka. Sehemu ya kioo ikipata moto na nyingine ikabaki baridi, yenye moto inataka kutanuka, yenye baridi inaizuia, na kwa kuizuia inavutwa yenyewe. Kwa kioo cha kawaida kila nyuzi moja ya tofauti huleta mkazo wa megapascal 0.6 hivi (megapascal ni kipimo cha mkazo). Hita ya gari hupashwa na maji ya injini, yanayofika nyuzi 80 au 90, na hewa yake hupigia sehemu ya chini ya kioo kwa ndani. Safu ya ndani inapata moto kwanza. Utando wa plastiki haupitishi joto kwa urahisi. Safu ya nje na kingo zilizofichwa ndani ya fremu bado zina baridi ya usiku. Na kidonda chetu kilikuwa wapi? Safu ya nje, chini, karibu na ukingo. Hakikuwa na bahati.

Hesabu yake si ngumu. Kioo huvunjika mara moja pale ukali wa mkazo kwenye ncha ya ufa unapofika kama 0.75 kwa kipimo cha megapascal mara kipeuo cha pili cha mita. Kwa ufa wa sentimita 3 kwenye sahani pana, hiyo ni megapascal 3.5 tu. Ukigawa kwa 0.6 unapata nyuzi 6. Kioo cha gari si sahani huru, safu ya pili humsaidia mwenzake, kwa hiyo mpe hata mara mbili au tatu ya hapo. Bado ni tofauti ambayo hita iliyofunguliwa mpaka mwisho inaileta bila jasho. Ufa huohuo ulipokuwa wa sentimita 1 ungehitaji karibu megapascal 6. Kidonda chenyewe, kabla hakijachomoza ufa, kingehitaji zaidi ya hapo. Kila siku kioo kilipokuwa kikichemka juani Mto wa Mbu, kiwango cha mkazo wa kukivunja kilikuwa kinashushwa. Pale ukingoni mwa kreta kilikuwa kimeshashuka mpaka kwenye jambo la kawaida la kila dereva.

Kwa nini bosi, mtu wa magari miaka mingi, aliruhusu kidonda kisubiri msimu uishe? Nilimuuliza, akanijibu bila kusita: "Mbona manifoldi imepasuka toka mwaka juzi na gari linafanya kazi?"

Ni swali zuri kuliko alivyodhani. Manifoldi ya gari hilohilo, yaani bomba la chuma cha kusubu linalokusanya moshi wa injini, ina ufa kweli. Injini ikiwa baridi unasikia kitiki-tiki, ikipata moto kinanyamaza. Fundi wa Unga Limited, mtaa wa Arusha, alitoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa, akauchomelea, ukarudi tena pembeni, na maisha yanaendelea. Bosi alichukua alichojifunza kwenye chuma akakihamishia kwenye kioo.

Chuma ni kabila jingine. Ule ukali wa mkazo unaovunja kioo kwa 0.75, chuma cha kawaida cha chasisi hustahimili hadi 50 na kupita. Ufa wake kwa kawaida haukui kwa kusimama. Unahitaji kupakiwa na kupakuliwa, tena na tena. Mmarekani Paul Paris ndiye aliyeonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba kila mzunguko wa mkazo husogeza ufa kiasi kinachoweza kukadiriwa. Gari la chuma lenye ufa likilala gereji mwezi mzima, ufa utakuwa palepale, labda kuwe na kutu au kemikali kali. Kioo chenye ufa kikilala gereji mwezi mzima juani, na mvua ikakinyeshea, kinaendelea na shughuli zake. Na lile tundu la fundi linafanya kazi kwenye chuma kwa sababu linaifanya ncha kuwa butu na chuma kinakubali kulegea kulizunguka. Ukitoboa kioo kwa drili ya kawaida unaanzisha nyufa ndogo mpya.

Joto nalo linamtendea chuma tofauti. Kati ya asubuhi ya Ngorongoro na mchana wa Manyara, ufa wa uchovu, ule unaokuzwa na kupakiwa na kupakuliwa, kwenye springi au chasisi haujali sana. Mambo hubadilika kwenye ncha mbili za kipimajoto. Juu, kuanzia takriban asilimia 40 ya joto la kuyeyukia ukihesabu kutoka sifuri halisi (nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida), ambayo kwa chuma ni kama nyuzi 450, chuma huanza kutambaa: kinanyooka pole pole kikiwa kimebebeshwa mzigo, na oksijeni inakula ncha ya ufa. Manifoldi inaishi humo kila gari linapopanda mlima na mzigo. Inataka kutanuka, bolti zinaikatalia, inajibana na kulegea ikiwa ya moto. Injini ikizimwa inasinyaa na sasa inavutwa. Ndiyo sababu ufa wake hupanuka ikipoa na kile kitiki-tiki husikika alfajiri.

Chini, baridi ndiyo hatari, na hapa wale wa "baridi inapasua" wangekuwa sahihi kama tungekuwa tunazungumzia meli. Januari 1943 meli ya mafuta SS Schenectady, mpya kabisa, ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini huko Portland, Oregon, maji yametulia. Constance Tipper wa Cambridge ndiye aliyeonyesha kwamba chuma cha meli za wakati ule, kikipoa kupita kiwango fulani, kiliacha tabia ya kunyumbuka na kuvunjika kama kioo. Baridi yetu ya kreta haifiki kuisumbua chasisi.

Kauri zenyewe, zile za vihami vya nguzo za umeme kwa mfano, zinafuata njia ya kioo kwenye joto la kawaida: maji, mkazo, subira. Zikipelekwa zaidi ya nyuzi 1,000, kama kwenye vipuri vya injini za majaribio, aina nyingi huwa na utando mwembamba wa kioo kati ya chembe zake, utando huo unalainika, na ufa unapita hapo kwa kutambaa. Manifoldi na kioo zinaanza kufanana kwenye moto ule. Lakini gari letu halifiki huko, tuendelee.

Nilichowaandikia wote wawili kilikuwa kifupi. Kuwasha hita alfajiri ili kuona barabara si kosa. Ni matumizi ya kifaa kwa kazi yake, na kuendesha kwenye ukungu bila kuona ndilo lingekuwa kosa. Kioo kizima kingevumilia asubuhi ile na nyingine nyingi. Hasara ilianza jiwe lilipogonga, ikawa haizuiliki pale kidonda kilipoandikwa kwenye fomu na gari likatoka bila kuzibwa. Kidonda kipya, kikavu, kisicho na vumbi, huzibwa kivulini kwa gundi maalumu, ambayo kisha hukaushwa kwa mwanga, na gharama yake haifanani kabisa na kioo kipya. Hata kipande cha seloteipu kilichobandikwa siku ileile kingezuia maji na vumbi mpaka gari lifike mjini.

Sikumsamehe dereva kila kitu. Alipoona ufa umefika sentimita 3 aliendelea kuchora vistari bila kupiga simu. Angeanza na feni ya hewa ya kawaida, akapandisha joto kidogo kidogo, huenda angerudi Arusha na ufa uleule. Nasema huenda, maana mchana wa Mto wa Mbu ulikuwa unamsubiri njiani. Na dereva mmoja aliyekuwa akisikiliza alikiri kwamba wao hukimwagia kioo maji ya baridi gari likitoka juani, ili vumbi litoke haraka. Hiyo ni hita iliyogeuzwa: sasa uso wa nje ndio unaosinyaa na kuvutwa, na maji yako tayari ndani ya kidonda. Kuna kampuni zinazotafuta mchawi wa vioo vyao wakati ameshika ndoo.

Mama alisoma, akauliza mara mbili kuhusu zile nyuzi 6, kisha akaichana karatasi ya makato. Alichokataa ni kulipa deni la maneno: hajamwomba dereva radhi, na dereva hajaomba ya simu ambayo hakupiga. Kioo kipya kimefungwa, gari likalazwa kwanza ili gundi ishike. Kwenye fomu ya kurudisha gari kuna mstari mpya unaosema gari lenye kidonda cha kioo halitoki kabla fundi wa vioo hajaliona, msimu au si msimu. Manifoldi bado inatiki. Nilipomwambia kwamba hiyo nayo ina mwisho wake, alisema anasubiri kwanza mvua za masika zipite.